Je, kubadili sheria ya bangi kutarudisha imani ya wananchi kwa polisi?

Swali

Wakili, mimi ni mwenyekiti wa mtaa katika Wilaya ya Nyamagana, Mwanza. Mara kwa mara naamshwa usiku kwenda kushuhudia upekuzi, na mara nyingi kinachotafutwa ni bangi. Vijana wa kijiweni wananiambia kwamba Afrika Kusini na Ujerumani imeruhusiwa, na kwamba hapa kwetu sheria imebaki kwa ajili ya kuwanyanyasa wao tu. Wazazi wamegawanyika: wapo wanaotaka wavutaji wote wafungwe, na wapo wanaolia kwamba watoto wao wamebambikiwa kesi. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba siku hizi hata nyumba ikivunjwa watu hawataki kwenda kutoa taarifa kituoni. Je, sheria hii ikibadilishwa, imani kwa polisi itarudi? Na mimi ninayeweka saini kwenye karatasi zao za upekuzi, nasimama wapi?

Jibu

Mheshimiwa Mwenyekiti, nakushukuru kwa swali lililounganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida hujadiliwa mbalimbali, yaani sheria ya bangi na uhusiano wa raia na askari wao. Nitakujibu kama wakili ambaye kwa miaka mingi amesimama katika mahakama za Kanda ya Ziwa akitetea washitakiwa wa kesi za namna hii, na nitasema msimamo wangu tangu mwanzo ili usome yanayofuata ukiujua. Naamini kwamba mtu mzima aliyekutwa na kiasi kidogo cha bangi kwa matumizi yake mwenyewe hapaswi kupelekwa gerezani. Hata hivyo siamini kwamba kuondoa adhabu hiyo peke yake kutarudisha imani unayoizungumzia. Imani hiyo inavunjwa na uwezo mpana alionao askari, akiwa kando ya barabara usiku, wa kuamua kama aliyemshika ni mvutaji, ni mfanyabiashara, au ni mtu wa kuachiwa aende zake. Nchi zilizobadilisha sheria bila kuugusa uwezo huo ziliendelea kuvuna chuki ileile.

Tuanze na sheria yetu ilivyo, kwa kuwa vijana wako wanahitaji kuijua hii kabla ya kuzungumzia ya Wajerumani. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyofuta ile ya mwaka 1995 na kuanzisha Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Chini ya sheria hiyo ni kosa kulima bangi, kuwa nayo, kuivuta na kuiuza. Mirungi imo humohumo, ingawa ukivuka mpaka wa Sirari kuingia Kenya utaikuta ni zao halali la biashara. Kosa zito kuliko yote ni lile la kusafirisha na kufanya biashara ya dawa za kulevya: kwa viwango vikubwa adhabu yake ni kifungo cha maisha, na kwa viwango vya chini ya hapo, kufuatia marekebisho ya mwaka 2017, ni kifungo cha miaka 30.

Wengi wanapolisikia kosa hilo hufikiria magunia yaliyofichwa ndani ya lori linaloshuka kutoka Tarime kupitia Bunda na Magu. Sheria haikuishia kwenye magunia. Tafsiri yake ya kosa hilo imekusanya pia kununua, kutoa, kuhifadhi, kugawa na hata kumiliki. Wakati huohuo ipo sehemu nyingine ya sheria hiyohiyo inayomhusu mtu aliyekutwa na kiasi kidogo ambacho imethibitika ni kwa matumizi yake mwenyewe, na adhabu yake ni nyepesi zaidi kwa mbali, faini ikiwamo. Kwa hiyo kijana aliyekutwa na kete chache mfukoni ana milango miwili mbele yake. Mmoja unaweza kumtoa kwa faini, na mwingine unaweza kumpeleka gereza la Butimba akiwa na miaka 22 na kumtoa akiwa na miaka 52.

Nani anaamua apite mlango upi? Kwa maandishi, hati ya mashtaka inaandaliwa na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, na hukumu inatolewa na hakimu au jaji. Kwa uhalisia, mwendesha mashtaka anasoma jalada lililoandikwa na mpelelezi, na mpelelezi ameandika alichoelezwa na askari aliyekamata. Askari akisema kwamba kete zilikuwa zimefungwa moja moja na mtuhumiwa alikuwa na fedha ndogo ndogo mfukoni, jalada linasomeka kama la muuzaji. Akisema kwamba alimkuta na msokoto uliokwisha kuwashwa, linasomeka kama la mvutaji. Kijana anayejua kwamba tofauti kati ya faini na miaka 30 inategemea maneno ya mtu mmoja aliyemshika gizani yuko tayari kufanya lolote ili maneno hayo yasiandikwe kabisa. Hapo ndipo kunapozaliwa ile lugha ya kumalizana, na hapo ndipo askari mwenye tamaa anapopata silaha ambayo Bunge halikukusudia kumpa. Nasema hivi bila kudai kwamba askari wote wana tamaa, maana nimewaona mahakamani askari waliosema ukweli uliowagharimu kesi yao wenyewe. Lakini sheria nzuri haitungwi kwa kutegemea kwamba kila anayeisimamia atakuwa mwadilifu.

Sasa twende kwenye nchi ambazo vijana wako wanazitaja. Ni kweli kwamba tangu tarehe 1 Aprili 2024 mtu mzima nchini Ujerumani anaruhusiwa kutembea na hadi gramu 25 za bangi, kuweka hadi gramu 50 nyumbani na kuotesha miche mitatu. Hakuna maduka ya kuiuza kwa kila mtu, na kuiuza mitaani kumebaki kosa. Kanada iliihalalisha Oktoba 2018, na Uruguay ilitangulia kwa sheria ya Desemba 2013. Barani Afrika, Lesotho, Zimbabwe, Malawi na Zambia zimeruhusu kilimo chenye leseni kwa ajili ya dawa au kuuza nje, jambo ambalo halimhusu kabisa kijana wa kijiweni, kwa kuwa mtu asiye na leseni anakamatwa huko kama anavyokamatwa hapa. Thailand iliilegeza Juni 2022, kisha Juni 2025 ikarudi nyuma na kutaka cheti cha daktari. Waambie vijana wako kwamba hakuna hata moja kati ya sheria hizo inayomkinga mtu aliyekamatwa Mkuyuni au Igoma.

Mfano ambao ningependa utulie nao ni wa New York. Mwaka 1977 jimbo hilo lilipitisha sheria iliyofanya kumiliki hadi gramu 25 za bangi kuwe kosa la faini, bila kifungo. Kwa mtazamo wa wakati ule yalikuwa mageuzi makubwa. Sheria hiyo, hata hivyo, iliacha kipengele kimoja kilichoonekana cha busara: bangi ikivutwa au ikionekana hadharani, kosa lilibaki la jinai na mtu aliweza kukamatwa. Miaka ya 1990 ilipofika, polisi wa jiji wakaanza kuwasimamisha na kuwapekua watu kwa wingi mitaani. Askari alimsimamisha kijana, akamwamuru atoe vilivyomo mifukoni, na kile kilichokuwa kimefichwa mfukoni sasa kikawa kinaonekana hadharani. Kijana aliyestahili faini akafungwa pingu kwa sababu alitii amri ya askari. Mwaka 2011 pekee polisi wa jiji hilo waliwasimamisha watu zaidi ya mara 685,000, wengi wao wakiwa weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na waliokamatwa kwa viwango vidogo vya bangi walikuwa kama 50,000.

Septemba mwaka huohuo Kamishna wa Polisi Raymond Kelly alitoa waraka wa kuwakumbusha askari kwamba bangi iliyotolewa mfukoni kwa amri yao haihesabiwi kuwa ilikuwa hadharani. Agosti 2013 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba usimamishaji ule, kwa namna ulivyokuwa ukifanywa, ulivunja Katiba ya Marekani. Jimbo lilipohalalisha bangi Machi 2021 liliandika ndani ya sheria yenyewe kwamba harufu ya bangi pekee haitoshi kuwa sababu ya kumpekua mtu. Tazama mlolongo huo, Mheshimiwa. Kwa zaidi ya miaka 30 watu wa New York walikuwa na sheria laini kwenye karatasi na mkono mgumu barabarani, na kilichowatenga na polisi wao kilikuwa mkono ule. Hata nchi hiyo kwa ujumla wake inatoa funzo hilo: shirika la kutetea haki za raia la ACLU lilionyesha mwaka 2020 kwamba Mmarekani mweusi ana uwezekano wa mara 3.6 zaidi ya mweupe wa kukamatwa kwa kumiliki bangi, ingawa viwango vyao vya uvutaji vinakaribiana, na pengo hilo lilibaki hata katika majimbo yaliyohalalisha, ingawa idadi ya wanaokamatwa ilikuwa imeshuka.

Afrika Kusini ilipita njia nyingine ikaangukia shimo linalofanana. Septemba 2018 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kumwadhibu mtu mzima anayelima, kumiliki au kuvuta bangi faraghani kwa matumizi yake kunavunja haki yake ya faragha. Mahakama haikutaja kiwango. Ilisema askari ataangalia mazingira, kikiwamo kiasi kilichokutwa, na kupima kama ni cha matumizi binafsi, kisha ikalipa Bunge miezi 24 kurekebisha sheria. Sheria mpya ilitiwa saini Mei 2024. Katika muda wote huo uliopita katikati, raia aliyekuwa na haki ya kikatiba aliendelea kutegemea kipimo cha macho cha askari aliyekutana naye.

Ureno ndiyo iliyolishughulikia jambo hili kwa umakini ninaoupenda. Haikuhalalisha. Kuanzia Julai 2001, mtu aliyekutwa na dawa zisizozidi matumizi ya siku kumi, ambazo kwa bangi ya majani ni gramu 25, hapelekwi mahakama ya jinai, bali anaitwa mbele ya jopo dogo lenye watu wa sheria, afya na ustawi wa jamii, ambalo linaweza kumpa onyo, faini au rufaa ya matibabu. Kinachonivutia hapo ni kwamba kipimo kiliandikwa kwa gramu na kutangazwa, kwa hiyo hadi mwaka 2023, kilipofanywa kuwa kiashiria tu, mzani ndio uliokuwa ukiamua, na askari hakuwa na cha kuuza wala raia hakuwa na cha kununua. Muuzaji bado anafungwa.

Jamaika nayo inafaa kutajwa kwa sababu chanzo cha msukumo wake kilikuwa polisi wenyewe. Agosti 2014 kijana aitwaye Mario Deane alikamatwa mjini Montego Bay kwa msokoto mmoja wa bangi, akapigwa akiwa mahabusu, na akafariki siku chache baadaye. Mjadala wa kubadili sheria ulikuwa umekwisha kuanza, lakini kifo hicho kiliwafanya hata wasiovuta waone kwamba adhabu inayoweza kumfikia mtu kabla ya hukumu ni kubwa kuliko kosa lenyewe. Mwaka 2015 sheria ikabadilishwa, na kumiliki hadi wakia mbili, yaani takriban gramu 56, kukawa kosa la tozo ya dola 500 za nchi hiyo, bila kumbukumbu ya jinai kwa anayelipa.

Kuhusu mikataba ya kimataifa nitasema kwa ufupi tu. Tanzania inafungwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa dawa za kulevya wa mwaka 1961, na bangi bado imo katika orodha yake. Desemba 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya, kwa kura 27 dhidi ya 25, iliiondoa bangi kwenye jedwali la dawa zenye udhibiti mkali kuliko zote, uamuzi uliofungua zaidi mlango wa utafiti wa tiba. Haukuamuru nchi yoyote iihalalishe, na kama kuna kijana anakwambia hivyo, amepotoshwa.

Nirudi Mwanza, kwa kuwa uhusiano wetu na ulinzi wa mtaani una historia yake ambayo haifanani na ya New York. Wazee wa Kisukuma wanakumbuka jinsi Sungusungu lilivyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipowashinda polisi na mahakama, na wanavijiji wakaamua kujilinda wenyewe kwa mishale na filimbi. Mwaka 1989 Bunge lililitambua kisheria. Watu waliliamini kwa sababu lilikuwa lao: waliwafahamu walinzi kwa majina na koo, na walijua pa kwenda kulalamika. Lakini Sungusungu lilikuwa na utaratibu hafifu sana wa kumsikiliza mtuhumiwa, na wapo walioumizwa kwa tuhuma tupu. Watafiti kama Mmarekani Tom Tyler wameonyesha kwamba watu huitii sheria zaidi wanapoona wametendewa kwa haki na heshima, hata uamuzi ukiwa dhidi yao, nami nakubaliana nao. Historia yetu inaongeza kwamba mtu anaweza pia kumwamini mlinzi kwa sababu tu ni wa kwao, na kwamba imani ya namna hiyo, isipopata utaratibu, huwaumiza wasio na ndugu. Polisi kata na ulinzi shirikishi vilikusudiwa kuunganisha mambo hayo mawili. Pale askari wa kata anapohudhuria mikutano yako na kujulikana kwa jina, nina hakika umeona tofauti mwenyewe.

Tunayo pia historia ya gongo, inayotufundisha karibu zaidi kuliko ya bangi ya ughaibuni. Utengenezaji wa pombe hiyo bila leseni umekatazwa kwa sheria tangu mwaka 1966. Miaka yote hiyo mitambo imeendelea kuchemka kandokando ya ziwa na visiwani, na mama anayepika anajua kwamba siku ya msako itakuja. Katazo halikuondoa gongo, wala halikuwafanya watu waiheshimu sheria inayohusika. Lakini wapo waliopofuka na waliokufa kwa pombe chafu, kwa hiyo sithubutu kusema kwamba suluhisho lilikuwa kuacha kila mtu apike. Nasema kwamba sheria inayosimamiwa kwa misako ya hapa na pale, bila kipimo ambacho raia anakijua, hufundisha watu kukwepa askari badala ya kukwepa madhara.

Wazazi wanaotaka wavutaji wafungwe wasipuuzwe hata kidogo. Mama anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba ambaye mwanawe ameanza kuongea peke yake usiku hahitaji kuambiwa habari za Katiba ya Afrika Kusini. Madaktari wanakubaliana kwamba bangi yenye nguvu, ikitumiwa mara kwa mara na mtu aliyeanza akiwa na umri mdogo, huongeza hatari ya magonjwa makubwa ya akili, hasa penye historia ya ugonjwa huo katika ukoo. Hatari hiyo ni sababu ya kumzuia mtoto wa miaka 15 asiguse, na ni sababu ya kumfikisha kwa daktari wa afya ya akili Bugando au Sekou Toure mapema iwezekanavyo. Haiwi sababu ya kumweka kijana huyohuyo katika chumba cha mahabusu pamoja na watu wa unyang'anyi, mahali ambapo ugonjwa wake hautapona.

Tena nchi yetu imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kufikiri hivyo. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya tiba inayonywewa, kwa watumiaji wa heroini, ambayo ni hatari zaidi ya bangi, na leo huduma hiyo ipo hata hapa Mwanza. Serikali iliyokubali kumnywesha mtumiaji wa heroini dozi yake kila siku ili arudi kazini imekwisha kukiri kwamba mtumiaji ni mgonjwa. Naona vigumu kueleza kwa nini mvutaji wa bangi aendelee kuhesabiwa mhalifu.

Na kuhusu polisi, malalamiko unayoyasikia mtaani yamefika mahali pa juu. Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ripoti yake, iliyowasilishwa Julai mwaka huohuo, ilipendekeza mabadiliko makubwa kwa Jeshi la Polisi, ikiwa ni pamoja na kuligeuza liwe chombo cha kutoa huduma. Unapozungumza na wananchi wako usione haya kuutaja mjadala huo, kwa sababu ni wa Serikali yenyewe.

Kama ningeulizwa pa kuanzia, ningeomba Bunge litenganishe kwa gramu, ndani ya sheria yenyewe, kati ya mtumiaji na mfanyabiashara, na liondoe umiliki wa kiasi kidogo katika tafsiri ya biashara ya dawa za kulevya. Chini ya kipimo hicho pawe na faini inayolipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, isiyopitia mkononi mwa askari, na kwa aliye chini ya miaka 18 pawe na ustawi wa jamii na daktari. Magunia, mashamba na mitandao ya wauzaji wabaki na adhabu kali, na hapo sina huruma. Kuihalalisha kabisa na kuiuza madukani sikuungi mkono kwa sasa, kwa kuwa tunashindwa kuwazuia watoto wasiuziwe pombe ya vifungashio vidogo iliyopigwa marufuku mwaka 2017, na sioni tungewezaje kusimamia duka la bangi. Ukiniuliza kama hayo yatarudisha taarifa za wezi kituoni, nitakujibu kwamba yatasaidia kwa kiasi, kwa sababu kijana asiyeogopa kupekuliwa atakuwa na ujasiri wa kuingia kituoni kusema alichokiona. Sehemu kubwa iliyobaki itategemea namna upekuzi unavyofanywa, na hapo, Mheshimiwa, wewe una nafasi kubwa kuliko unavyodhani.

Saini yako ni ushahidi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka afisa anayechukua kitu katika upekuzi atoe stakabadhi ya kitu hicho, yenye saini ya mwenye nyumba au aliyekuwa akiiangalia, na za mashahidi wa upekuzi kama walikuwapo. Mahakama zetu zimezoea kuuliza kwa nini hapakuwa na shahidi huru pale ambapo angeweza kupatikana. Ukisaini, uwe tayari kuitwa mahakamani ukieleza ulichokiona kwa macho yako. Katika shauri la Paulo Maduka na wenzake, lililoamuliwa mwaka 2009, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba lazima pawe na maandishi yanayoonyesha, hatua kwa hatua, kielelezo kilikamatwa na nani, kikatunzwa na nani, kikapelekwa na nani hadi kilipofika mahakamani. Kesi nyingi za bangi zimeanguka kwa sababu mnyororo huo ulikatika kati ya chumba cha mtuhumiwa, ghala la vielelezo na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Saini yako ni pingili ya kwanza ya mnyororo huo. Ikiwa ya kweli inamlinda kijana asibambikiwe, na inamlinda askari mkweli asituhumiwe bure.

Kwa hiyo, unapoitwa usiku, uliza kwanza kibali cha upekuzi kiko wapi. Kanuni ya kawaida ni kwamba hati ya upekuzi hutekelezwa kati ya mawio na machweo isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine, ingawa sheria inatambua upekuzi wa dharura, na askari wakisema ni dharura, muulize kiongozi wao ni dharura gani kisha uandike jibu lake kwenye daftari lako pamoja na saa. Ingia nao pamoja, usitangulie wala usichelewe. Omba kwa adabu kwamba wapekuzi nao waonyeshe mikono na mifuko yao kabla hawajaanza. Askari waangalifu hufanya hivyo wenyewe bila kuombwa. Kitu kikipatikana, angalia kimepatikana wapi hasa, kimefungwaje na ni kiasi gani, na hakikisha kinafungashwa na kuwekwa alama mbele yako na mbele ya mwenye nyumba. Soma karatasi yote kabla ya kusaini. Usisaini karatasi yenye nafasi zilizoachwa wazi, wala usikubali kusaini kesho yake kituoni kwa kitu ulichoonyeshwa juu ya meza.

Ikitokea umefika ukakuta kitu kimekwisha kupatikana, unaweza kusaini, lakini andika kwa mkono wako karibu na saini kwamba ulifika baada ya kitu kupatikana na kwamba hukuona kilikotoka, pamoja na saa uliyofika. Wakikukatalia kuandika hivyo, usisaini. Siku inayofuata peleka maelezo yako kwa maandishi kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, na nakala kwa ofisi ya mashtaka ya mkoa, na hakikisha nakala unayobaki nayo imegongwa muhuri wa kupokelewa.